Waya za plagi kwa gari la zamani: mwongozo kamili wa kuchagua na kufunga

Waya mpya zimefungwa, na gari bado linamisi, yaani silinda inaruka zamu yake ya kuwaka, likipanda kutoka Himo kwenda Marangu. Lalamiko hili linajirudia kwa wenye Land Rover 109 za petroli, Peugeot 504, Volkswagen za mgongo wa kobe na Datsun 1200 huku Arusha na Moshi. Seti inarudishwa dukani, inaletwa nyingine, gari linamisi vilevile.

Mara nyingi waya yenyewe haina kosa. Waya ya plagi haifi katikati, hufa miishoni: inapoingia kwenye kifuniko cha distributa (kifaa kinachogawia kila plagi umeme kwa zamu), inapokaa kwenye koili (inayopandisha volti), na pale kofia ya mpira inapoishika plagi. Kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye zile sentimita mbili za kila mwisho kuliko kwenye urefu wa waya.

Maelezo haya ni ya injini za petroli zenye distributa. Kama 109 yako ilishavishwa injini ya dizeli, kama zilivyo nyingi mikoa hii, huna waya za plagi za kubadilisha.

## Vitu vya kuandaa

- Waya: 5 kwa injini ya silinda 4 (nne za plagi na moja ya koili), 7 kwa silinda 6, na 9 kwa V8.
- Multimita ya kawaida yenye kipimo cha ohm hadi 20k. Si lazima iwe ya bei.
- Spana ya plagi. Gari nyingi za zamani zinatumia ya inchi 13/16, ambayo ni karibu sawa na milimita 21.
- Fila geji ya kupima mwanya wa plagi.
- Wembe mpya au kisu chenye makali ya kweli. Kisu butu kinararua waya.
- Plaizi ya kubania terminali (kile chuma cha mwisho wa waya), kama unakata waya za mita mwenyewe.
- Terminali na kofia za mpira za pande zote mbili, na mbili za ziada za kuharibu.
- Grisi ya silikoni, kijitubu kidogo. Grisi ya bearingi haifai: mafuta yake yanaulainisha mpira mpaka unavimba.
- Brashi ngumu, kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, msasa laini, na tepu ya karatasi na kalamu ya kuandikia namba.
- Vishikio vya plastiki vya kutenganisha waya.

Injini iwe imepoa. Zima swichi, toa ufunguo, kisha chomoa waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Kwenye gari nyingi huo ni hasi, lakini Land Rover nyingi za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilitoka kiwandani na chanya kwenye bodi. Tazama kwanza unapoelekea ule waya mnene kabla ya kushika spana.

Mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiguse kazi hii injini ikiwa inanguruma. Koili ya zamani inatoa volti 15,000 hadi 25,000.

## Kabla hujatoa pesa: je, kweli ni waya?

Anza na rangi ya plagi. Zifungue zote na uzipange kwa namba za silinda.

Zote zikiwa nyeusi kwa masizi makavu, waya hazihusiki. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kabureta iliyosetiwa Tanga au Dar es Salaam ikifika hapa, hewa ni nyepesi na petroli inazidi. Masizi yanajaa kwenye pua ya plagi, umeme unateleza juu ya masizi badala ya kuruka mwanya, na injini inakohoa kana kwamba waya imekatika. Rekebisha kabureta. Moshi ipo chini zaidi, lakini gari linalopanda Kibosho au Marangu kila siku linakutana na jambo lilelile.

Moja tu ikiwa nyeusi au imelowa petroli, hapo kuna kazi. Ihamishe plagi hiyo kwenye silinda nyingine na uendeshe. Ugonjwa ukihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye silinda ileile, shuku waya yake au tundu lake kwenye kifuniko cha distributa.

Kipimo cha pili ni cha usiku. Ingiza gari mahali penye giza, washa injini iende polepole, kisha nyunyiza ukungu wa maji juu ya waya kwa chupa ya kupulizia maua. Waya inayovuja inajionyesha: uzi wa buluu unaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma kilicho karibu, na unasikika ukilia tik-tik-tik. Usifanye hivi kama kuna harufu ya petroli chini ya boneti. Mikono, shanga na mikono ya shati iwe mbali na feni.

Cha tatu ni multimita. Toa waya nzima, gusa chuma cha kila mwisho, soma. Toyota kwa mfano huandika kwenye vitabu vyake kwamba waya moja isizidi kilo-ohm 25. Wakati unasoma, ikunje na uitikise karibu na miisho. Namba ikirukaruka au ikipotea kabisa, umeipata. Waya ikisoma vizuri imelala lakini inapotea ikikunjwa, ndiyo hiyo inayofanya gari liwe zima gereji na bovu barabarani.

## Kuchagua waya

Dukani utaonyeshwa aina tatu, na mara nyingi muuzaji anatofautisha kwa rangi tu. Rangi haina maana yoyote. Kinachotofautisha ni moyo wa waya.

Moyo wa shaba. Ni nyuzi za shaba, ukinzani wake karibu na sifuri. Ndiyo zilikuja na gari nyingi za miaka ya 1950 na 1960. Ni rahisi kukata na kufunga, na zinavumilia mikono mibaya. Kasoro yake ni kelele kwenye redio: mlio wa kukwaruza unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Gari la kupeleka wageni porini lenye redio ya mawasiliano halitapendana nazo, isipokuwa uweke kofia za plagi zenye kizuizi (resista) ndani.

Moyo wa kaboni. Ni uzi uliolowekwa kaboni, ukinzani wa kilo-ohm 10 hadi 20 hivi kwa mita. Hauleti kelele, ni wa bei nafuu, lakini ni dhaifu. Ukivutwa unakatika kwa ndani na nje huoni kitu.

Moyo wa kusokotwa. Waya mwembamba wa chuma umezungushwa kama springi. Ukinzani wake ni mdogo kuliko wa kaboni, kelele hakuna, na unadumu. Bei iko juu.

Sasa uamuzi. Gari linalotumia pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili) na kondensa yake linakubali zote tatu. Gari lililowekewa mfumo wa elektroniki ndani ya distributa lisipewe shaba tupu na plagi zisizo na kizuizi, kwa sababu ile kelele inayokera redio inaweza kuivuruga hata moduli ya mfumo huo na mwishowe kuiua. Hapo tumia kaboni au ya kusokotwa.

Halafu hesabu vizuizi. Plagi yenye herufi R kwenye namba yake, mfano NGK BPR6ES, ina kizuizi cha karibu kilo-ohm 5 ndani; BP6ES haina. Kofia za plagi nyingi zina 1 au 5. Rota nyingine (kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko cha distributa) nazo zina 5. Waya ya kaboni ya sentimita 60 ina 6 hadi 12. Mtu akiweka vyote hivyo pamoja kwenye koili ya zamani iliyochoka, anajishangaza asubuhi ya baridi gari linapogoma. Chagua kizuizi mahali pamoja, pawili ukizidisha.

Unene nao umekuwa ushabiki. Milimita 7 ndiyo saizi ya gari hizi. Ya 8 ina ganda nene zaidi, basi. Haiongezi nguvu ya injini hata chembe, na wakati mwingine haiingii kwenye tundu la kifuniko, ndipo fundi anapoichonga kwa kisu na kuondoa lile ganda alilolilipia.

Ganda liwe la silikoni kama waya inapita karibu na manifoldi ya ekzosi, maana inavumilia joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi. Ganda la plastiki ya kawaida hukauka na kupasuka. Ila silikoni ni laini na inachanika ikisuguana na chuma, na panya wanaipenda. Gari linalolala wiki nzima uani likaguliwe.

### Angalia kifuniko kabla ya waya

Hapa ndipo seti nzuri inapogeuka takataka. Fungua kifuniko cha distributa na utazame waya zinashikwaje.

Vifuniko vingine vya Lucas (kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari), hasa vile ambavyo waya zinaingia kwa ubavuni, vina skrubu ndogo zenye ncha ndani. Ncha hiyo inatoboa ganda na kuingia kwenye moyo wa waya. Mfumo huu unataka shaba na si kingine. Ukiweka kaboni, ncha inagusa uzi kwa bahati, inauunguza taratibu, na baada ya wiki chache gari linaanza kumisi. Ukitaka kaboni au ya kusokotwa, nunua kwanza kifuniko cha kuchomeka terminali za shaba kwa juu.

Na kofia za plagi ni vilevile. Zile ngumu ambazo ndani zina skrubu kama ya mbao ni za shaba. Skrubu ile inauponda uzi wa kaboni.

Tazama pia kichwa cha plagi. Plagi nyingi zinakuja na kinati juu ambacho kinafunguka, na chini yake kuna uzi mwembamba wa skrubu. Kofia nyingine inashika kinati, nyingine inashika uzi mtupu. Kinati kikibaki, kikazwe kwa plaizi, kwa sababu kikilegea kinatengeneza mwanya wa pili ambao hakuna anayeutafuta.

### Dukani

Nenda na multimita na waya yako ya zamani iliyo ndefu kuliko zote. Pima kila waya ya seti kabla ya kulipa. Za urefu tofauti zitasoma tofauti na hilo ni sawa. Ziwiane na urefu wake. Waya fupi inayosoma juu kuliko ndefu ina mwisho mbaya. Ikunje kwa vidole: ganda likionyesha nyufa nyeupe, limekaa dukani miaka. Muuzaji anayekataa waya zake zipimwe amekusaidia kuamua.

## Hatua ya 1: Andika namba, piga picha

Funga kipande cha tepu kwenye kila waya na uandike namba ya silinda. Andika namba hiyohiyo juu ya kifuniko cha distributa. Kisha piga picha mbili: moja kutoka juu, moja kutoka ubavuni.

Weka pia alama ya mahali kifuniko kinapokaa. Kikirudi kimegeuka, namba zote zitakuwa sahihi na gari halitawaka.

## Hatua ya 2: Toa kwa kushika kofia, usivute waya

Pulizia au piga brashi uchafu unaozunguka plagi kwanza. Vumbi la huku likidondoka ndani ya silinda linakuwa msasa.

Shika kofia yenyewe, izungushe robo mzunguko kushoto na kulia mpaka iachie, ndipo uivute. Ukivuta waya, uzi unachomoka kwenye terminali na kofia inabaki palepale. Kwenye Peugeot 504 plagi zimezama kwenye mashimo marefu. Kama ukichomoa kofia inatoka na oili, mpira wa kuziba umekwisha. Badilisha mpira huo sasa, la sivyo kofia mpya itaoza kama ile ya zamani.

Kama kifuniko ni kizima na kisafi, toa waya moja, funga moja, uende ya pili. Njia hii haina namna ya kukosea mpangilio.

## Hatua ya 3: Kifuniko na rota

Waya mpya kwenye kifuniko kibovu ni hela iliyopotea. Kipeleke kwenye mwanga wa jua na ukigeuze polepole. Unatafuta mstari mwembamba mweusi, kama alama ya penseli, unaotoka tundu moja kwenda lingine au kushuka ukingoni. Hiyo ni njia ambayo umeme umejichongea. Haisafishiki, badilisha kifuniko.

Unga wa kijani au mweupe ndani ya tundu la waya ni kutu ya shaba au ya alumini. Ukiwa mdogo, kwangua kwa msasa laini uliokunjwa. Tundu likiwa limeliwa mpaka limepanuka, terminali mpya haitashika.

Katikati pana kijiti cha kaboni chenye springi. Kibonyeze kwa kidole: kishuke na kurudi. Kikikwama, silinda zote zinamisi kwa zamu na watu wanalaumu kila kitu kingine.

## Hatua ya 4: Pima urefu, ndipo ukate

Kwa waya za mita, usipime kwa kunyoosha kutoka distributa mpaka plagi. Laza waya kwenye njia yake halisi, kupitia vishikio, halafu ongeza sentimita 3. Injini inatikisika kwenye mipira yake, na waya iliyonyooka inavutwa kila ukiingiza gia.

Ndefu kupita kiasi nayo ni balaa: inaning'inia na kulalia manifoldi.

Kata mwisho unyooke, usiwe mshazari, kwa wembe mpya, kwa pigo moja.

## Hatua ya 5: Miisho

Usifanye kazi hii kwa haraka. Ndiyo inayowashinda wengi.

Kaboni na terminali ya kubana. Pima milimita 12 kutoka mwisho. Zungusha wembe juu ya ganda ukilikata kidogo tu, nusu ya unene wake. Kunja waya mahali pale. Ganda litafunguka lenyewe. Livute taratibu litoke. Ndani utaona uzi mweusi laini, na vidole vitachafuka kama umeshika mkaa. Nyuzi zake zote ziwe bado zipo. Ukiona hata chache zimekatika na kulegea, kata mwisho huo wote na uanze tena. Ndiyo maana uliongeza sentimita 3.

Usiukate uzi huo. Ukunje urudi nyuma, ulale juu ya ganda kwa nje. Terminali iingie juu yake, ili chuma kiubane uzi dhidi ya ganda. Hapo ndipo umeme unapopita. Fundi anayeuingiza uzi katikati ya terminali na kubana ganda tupu ametengeneza waya inayoonekana nzuri sana na isiyogusana na chochote.

Bana kwa plaizi ya kubania mpaka mabawa ya terminali yaingie kwenye ganda bila kulitoboa. Plaizi ya kawaida inabana upande mmoja zaidi na kuipinda.

Kumbuka kuvalisha kofia ya mpira kwenye waya *kabla* ya kubana terminali. Kila mtu husahau mara moja.

Shaba kwenye kifuniko cha skrubu za ncha. Usimenye kitu. Kata bila mshazari, legeza skrubu mpaka ncha ipotee, sukuma waya mpaka iguse mwisho wa tundu, kisha kaza. Waya isipofika mwisho, ncha inatoboa ganda mahali pasipo na moyo.

Koili ya zamani yenye nati ya plastiki juu. Pitisha waya ndani ya nati, menya milimita 6, pitisha nyuzi kwenye tundu la washa ndogo ya shaba, zitawanye kama miale ya jua juu ya washa, ndipo ukaze nati kwa mkono. Washa hiyo ikipotea, watu huikunja shaba tu na kuisukuma ndani. Itawaka, na itaunguza tundu la koili.

Pima kila waya mara tu ukiimaliza. Mwisho uliobanwa vizuri unasoma namba isiyotikisika hata waya ikikunjwa, na ukiuvuta kwa mkono terminali haisogei.

## Hatua ya 6: Kuvalisha

Paka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele ndani ya mdomo wa kofia. Kazi yake ni kuzuia unyevu na kufanya kofia itoke vizuri siku nyingine. Ikijaa mpaka kwenye chuma, hewa inanaswa ndani na kofia inajisukuma nje injini ikipata moto.

Sukuma kofia mpaka usikie "tak". Upande wa distributa vilevile, kisha shusha mpira wake ufunike tundu. Kwa kifuniko ambacho hewa inabaki chini ya mpira, inua ukingo kidogo kwa bisibisi nyembamba hewa itoke.

Wenye Volkswagen wasikilize hapa. Ule mpira mpana wa duara kwenye kofia ya plagi una kazi ya kuziba tundu la bati la kupozea injini. Ukiuacha, upepo wa feni unatoroka na silinda zinapata moto. Seti nyingi za rejareja hazina mpira huo; hamishia ya zamani kama bado inaziba.

## Hatua ya 7: Njia za waya

Kaa mbali na manifoldi ya ekzosi angalau sentimita 5. Tumia vishikio vya plastiki, kila waya kwenye nafasi yake. Usizifunge fungu moja kwa waya wa kufungia au tepu nyeusi, hata kama inapendeza macho. Waya mbili zikilala sambamba zikigusana, cheche ya moja inaamsha umeme kwenye jirani.

Kwenye Range Rover ya V8 jambo hili lina madhara hasa kwa namba 5 na 7. Ziko jirani upande mmoja na zinawaka zikifuatana. Zikigusana, silinda ya 7 inaweza kuwaka kabla ya zamu yake. Zitenganishe, au zipishane kwa pembe badala ya kulala pamoja.

Waya ya koili iende peke yake, mbali na waya ndogo za pointi.

## Umezichanganya? Rudi hivi

Toa plagi ya silinda ya 1. Ziba tundu kwa kidole na mwenzako azungushe injini kwa mkono. Land Rover yenye tundu la hendeli mbele inafanya kazi hii iwe rahisi. Gari jingine liweke gia ya juu na ulisukume polepole mahali tambarare. Upepo ukikisukuma kidole, endelea mpaka alama ya puli au flaiwili ilingane na kielekezi. Rota sasa inatazama tundu la namba 1.

Zungusha kidogo tena uone rota inakwenda upande gani, kama mshale wa saa au kinyume. Usikisie. Kisha panga tundu kwa tundu kuelekea upande huo:

- Land Rover ya lita 2.25, Peugeot 504, Datsun 1200, Toyota Corolla zenye injini za K: 1-3-4-2
- Volkswagen ya mgongo wa kobe: 1-4-3-2
- Land Cruiser za F na 2F, na Land Rover ya silinda 6: 1-5-3-6-2-4
- Range Rover V8: 1-8-4-3-6-5-7-2

Peugeot huhesabu silinda ya 1 kutoka upande wa flaiwili, yaani nyuma, karibu na dereva. Kwa 1-3-4-2 mfuatano unabaki uleule hata ukihesabu kutoka mbele, lakini ukitumia silinda ya mbele kama ya 1 wakati wa kutafuta alama, kisha ukafunga waya kwa namba za Peugeot, utakuwa umepishana mzunguko mmoja mzima: gari litapiga risasi kwenye kabureta na sailensa bila kuwaka.

## Hatua ya 8: Jaribu

Rudisha betri na uwashe. Injini ikae tuli, bila kutetemeka kwa vipindi. Weka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi: upepo uje kwa mapigo yanayolingana.

Halafu giza na ukungu wa maji tena, kama mwanzo. Usione buluu popote.

Jaribio la mwisho liwe mlimani, gia ya tatu, mafuta yamekanyagwa. Silinda ikibanwa na mzigo, cheche inahitaji volti nyingi zaidi, na hapo ndipo mwisho dhaifu unajisaliti. Kutoka Arusha, barabara ya Ngaramtoni kupanda Oldonyo Sambu inatosha. Gari linaloenda vizuri tambarare ya Boma Ng'ombe halijathibitisha kitu.

## Bado inamisi?

Inamisi mlimani tu, silinda zote. Tazama waya ndogo za koili. Kwa gari la hasi kwenye bodi, alama + inakwenda kwenye swichi na − kwenye distributa. Koili za zamani za Lucas zimeandikwa SW kwa swichi na CB kwa distributa, na zilitengenezwa kwa chanya kwenye bodi. Zikigeuzwa, gari linawaka, lakini plagi inadai volti zaidi kuruka mwanya uleule.

Inamisi ikipata moto, inapona ikipoa. Mara nyingi ni koili au kondensa. Waya zako ziko sawa.

Inamisi asubuhi ya mvua ya masika, kisha inatulia. Unyevu ndani ya kifuniko. Kikaushe, kagua ule mstari wa penseli tena, na uangalie kama mipira ya juu imeshuka yote.

Silinda moja, siku zote. Badilishana waya hiyo na nyingine ya urefu unaofaa. Isipohama, pima kompresheni. Valvu iliyoungua inamisi sawasawa na waya iliyokatika, na hakuna seti ya waya itakayoiponya.

Mwanya wa plagi umepanuka. Kwa pointi, Volkswagen inataka milimita 0.6 hadi 0.7, gari lako fuata kitabu chake. Ukiachwa ukafika 1.0, umeme unatafuta njia rahisi zaidi, na njia hiyo ni kupitia ganda la waya yako mpya.

Baada ya kilomita 500 hivi, bonyeza kila kofia kwa kidole gumba injini ikiwa imepoa. Moja au mbili huwa zimeinuka kidogo. Katika waya za zamani, ile ndefu kuliko zote kama bado inasoma vizuri, izungushe uiweke chini ya kiti pamoja na spana ya plagi. Ndiyo pekee inayofika silinda yoyote.